Tarehe ya Kuondoka

Swali lililomkera Mzee Gona lilikuwa lile la mwenyeji. Mpaka hapo alikuwa ametulia kwenye kiti cha plastiki ndani ya saiba ya Trizah, kibanda cha kompyuta na mtandao pale Kibarani, fimbo katikati ya magoti, akisikiliza jina la mwanawe likichapwa herufi moja moja.

"Mgeni ana mwenyeji hapa Kenya?" Trizah alisoma kwenye kompyuta.

"Mgeni gani?"

"Lewis, Mzee."

"Lewis si mgeni. Kitovu chake nilikizika mwenyewe nyuma ya jiko."

"Najua. Lakini wanauliza kama ana mwenyeji."

"Andika hapana. Mtu hana mwenyeji kwao."

Trizah akamtazama Hannah, na Hannah akatazama sakafu. Yeye ndiye aliyekuwa na shida. Alikuwa mtoto wa pekee wa Lewis, akalelewa na babu yake huyu na shangazi yake Gladys tangu mama yake alipofariki. Jumatano ijayo watu wa Kaloleni wangeleta mnazi wa posa yake, tembo la kibuyuni, na mnazi huo sharti ufunguliwe na babake. Babake alikuwa Milano, ambako hakutoka kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa amechukua uraia wa huko zamani, kabla Katiba haijamruhusu Mkenya kuwa na nchi mbili, na ule wa Kenya ukamtoka. Kuurudisha kulihitaji ombi ambalo kila mwaka alisema ataliandika mwaka ujao. Sasa amekata tiketi, na kwa kuwa mambo ya serikali hufanywa saiba, amepiga simu akasema wamjazie fomu.

"Kwani si walisema visa imeondolewa?" Hannah aliuliza.

"Imeondolewa kabisa," alisema Trizah. "Siku hizi hakuna visa. Kuna ruhusa."

"Ruhusa ya nini?" aliuliza Mzee Gona.

"Ya kuja bila visa."

Mzee Gona aliligeuza jambo hilo kichwani, akaona halina pa kushikika. Wakaendelea. Sababu ya safari: alitaka iandikwe "kurudi nyumbani," lakini kwenye orodha kulikuwa na utalii, biashara, matibabu na mengineyo, basi ikawa mengineyo. Mahali pa kufikia: kwao. Kisha Trizah akasoma, "Tarehe ya kuondoka."

"Nini?"

"Wanataka kujua ataondoka lini."

Mzee Gona akasimama. Kwa watu wake, mtu akija hupewa maji, hupewa kiti, huulizwa habari za huko atokako. Kumuuliza ataondoka lini ni kumwambia umechoka naye, na huyu hata hajafika. "Acha wazi," alisema.

"Haikubali kuachwa wazi."

"Ataondoka lini ni shauri lake na Mungu wake. Weka tarehe ile ile ya kufika, tumalize."

Trizah ni msichana aliyelelewa vizuri, hawezi kubishana na mzee aliyesimama. Akaweka. Hivyo serikali ikaarifiwa, kwa malipo kamili, kwamba Lewis Gona atasafiri kutoka Milano kwa mengineyo, hana mwenyeji, atafikia kwao, atawasili Jumanne na ataondoka Jumanne hiyo hiyo.

Jumatatu adhuhuri simu ya Hannah ikalia.

"Nimezuiwa," alisema Lewis. Nyuma yake vipaza sauti vilikuwa vikiita watu kwa Kiitaliano. "Msichana wa ndege ananiambia sina ruhusa ya kwenda Kenya. Nimemwambia Kenya ndiko kwetu. Anasema basi nitakuwa na kitambulisho cha Kenya. Nimemwambia sina, mimi Mwitaliano. Akasema basi uonyeshe ruhusa. Hannah, watu walio nyuma yangu kwenye foleni wote wananiangalia."

"Baba, tumeituma tangu Alhamisi."

"Imefikia wapi?"

Hannah alikimbilia saiba na leso begani. Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi hiyo, wa upole sana. Ulisema ombi limerudishwa kwa masahihisho. Mwombaji aeleze atakavyokaa nchini muda wa siku sufuri, ataje mwenyeji wake, na aambatishe barua ya kuthibitisha kwamba nyumba ya mwenyeji ipo.

"Kwamba ipo?" Hannah aliuliza.

"Kwamba ipo," alisema Trizah.

Hannah akampigia babake, akaongea naye nje, mgongo umeegemea ukuta. Aliporudi alikuwa na karatasi ndogo yenye tarehe ya tiketi ya kurudi. Jumapili, tarehe ishirini na tatu. Siku kumi na tano tu, akipata ndege nyingine akafika Jumamosi hii. Alikuwa amehesabu miaka kumi na tisa, akadhani zitakuwa nyingi zaidi.

"Iandike," alimwambia Trizah. "Na babu usimwambie."

Jumanne Gladys alikwenda afisi ya mtaa kutafuta barua. Karani akafungua ramani mezani, akaweka kidole mahali ambapo Gladys alizaliwa.

"Hapa pana minazi," alisema.

"Minazi ipo. Na nyumba ipo chini ya minazi."

"Kwenye ramani hakuna nyumba. Mimi siwezi kuandika barua kwamba nyumba ipo mahali ambapo haipo. Nitafungwa."

"Njoo uione, basi. Ni mwendo wa robo saa."

"Nikiiona ndiyo matatizo yataanza," alisema karani, naye hakuwa na ubaya wowote. "Nenda kwa mwenye shamba. Yeye akisema mpo, basi mpo."

Watu wa Kaloleni walifika Jumatano asubuhi kama walivyoahidi, wanaume saba na vibuyu viwili, wakiongozwa na Mzee Sanga, baba mdogo wa bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe, Mwaro, aliyekuja nao akabaki uani, alikuwa kibarua wa chumvi Marereni, na ruhusa aliyopewa kazini ilikuwa inaisha Jumapili.

"Mwalamukadze!" alisalimu Mzee Sanga kwa Kigiriama kutoka kwenye kichaka cha mlangoni. Wakaitikiwa, wakapewa viti, wakapewa maji. Wakaulizwa habari za Kaloleni, ambazo zilikuwa njema. Kisha wakaelezwa kwamba mwenye kufungua kibuyu hajaruhusiwa kuja kwa sababu hakusema ataondoka lini.

Mzee Sanga alifikiri sana. "Na mimi nisingesema," alisema.

Hapo ndipo lilipozuka jambo ambalo hakuna mzee aliyewahi kulikuta. Mnazi wa posa haurudi ulikotoka, maana kuurudisha ni kuikataa posa. Na haufunguliwi na mwingine ikiwa baba yu hai, maana kufungua kibuyu cha mtu aliye hai ni kumtangaza maiti. Babu hawezi, shangazi ndiyo kabisa. Basi wageni hawangeweza kuondoka wala kunywa. Wangengoja. Lakini mnazi haujui kungoja. Uliogemwa alfajiri, kesho yake umeshachacha, na hakuna ukoo utakaokubali binti yao aposwe kwa mnazi uliolala.

"Utaletwa mwingine kila siku," Mzee Sanga aliamua. "Mpaka serikali imalize."

"Na huu ukilala?" aliuliza Gladys, ambaye ni mama wa kanisa na alikuwa ameshaanza kuviangalia vile vibuyu kwa mashaka.

"Ukilala si wa posa tena. Hauna mwenyewe."

Neno hilo la kutokuwa na mwenyewe lilisikika mpaka kwa fundi wa pikipiki upande wa pili wa barabara.

Ayman bin Farjallah alikuwa na duka la vitambaa mjini Kilifi, na shamba la minazi la Kibarani alilirithi kwa babake. Alasiri hiyo Mzee Gona na Gladys walimkuta kwenye kiti chake cha mbele ya duka, kikombe cha kahawa mkononi. Alisimama.

"Shikamoo, Mzee Gona."

"Marahaba, Bwana Ayman. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Karibuni, kaeni. Leteni kahawa na halua hapa!"

Mzee Gona alivua viatu ingawa hakuna aliyemwambia avue. Akaeleza habari yote, kutoka swali la mwenyeji mpaka kidole cha karani. Ayman alisikiliza vizuri, ila neno "barua" lilipotajwa aliweka kikombe chini.

"Mzee Gona, wewe na marehemu baba mlikuwa ndugu. Alikupa mahali ukae mwaka sabini na nne, na kila mwaka unaleta kodi yako bila kukumbushwa. Umewahi kuniomba risiti?"

"Sijawahi."

"Na mimi sijawahi kukupa. Baba aliniusia, 'Mtu mpe maji, mpe chakula, mpe hata kanzu yako. Usimpe karatasi.'"

Gladys alisema, "Bwana Ayman, kuna wanaume saba kwetu wanaokaa wakiangalia kibuyu."

"Nasikitika, wallahi."

"Na kuna msichana ndani hataki kula."

Ayman alikuwa baba wa mabinti watatu. Siku ya nikaha ya mkubwa wao gari lilimharibikia njiani, watu wakamngoja tangu saa nne mpaka alasiri, na alipoingia binti yake alilia hadi wanja ukamfika shingoni. Lilikuwa jambo la miaka minane iliyopita, na bado hakuweza kulisimulia bila kukohoa. Sasa alikohoa.

"Nileteeni kalamu," alisema.

Kuandika kulichukua saa nzima, maana Trizah alikuwa kwenye simu akisomewa kila mstari. Barua ya kwanza ilisema Gona anakaa kwa hisani ya mwenye shamba. Trizah akasema mfumo hauna sehemu ya hisani, una mwenye nyumba au mpangaji halali. Ya pili ikasema Gona ni mlinzi wa minazi. Mlinzi hawezi kuwa mwenyeji, alisema Trizah, kwa sababu hata yeye anaonekana amekuja kazini. Jasho likamtoka Ayman. Barua ya tatu ilikuwa na mistari miwili. Ilisema kwamba yeye Ayman bin Farjallah anathibitisha kuwa Gona Mwaringa ni mpangaji wake halali, na anaishi na aila yake katika nyumba yake mwenyewe ndani ya shamba hilo la Kibarani tangu mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne. Akatia sahihi, akapiga muhuri wa duka la vitambaa.

"Haya," alisema, akipangusa uso. "Msichana apate babake."

Mzee Gona aliishika barua kwa mikono miwili njia nzima, hakukubali ikunjwe.

Alhamisi majirani walikuwa kumi na wanne. Ijumaa hawakuhesabika. Kila asubuhi pikipiki ilileta vibuyu vibichi kutoka Kaloleni, vikawekwa sebuleni mbele ya wale saba, ambao walivikodolea macho kwa adabu mchana kutwa bila kuonja tone. Na kila asubuhi vibuyu vya jana vilitolewa nje, na huko nje watu wakavitendea haki. Fundi wa pikipiki alifunga karakana. Alikuwa akiamka mapema kuliko Hannah, akimsubiri mlangoni pa saiba.

"Imekubaliwa?"

"Bado. Inashughulikiwa."

"Mungu ni mwema," alisema fundi, kisha akaona haya. "Namaanisha, poleni."

Hannah hakuwa na nguvu ya kumkasirikia. Aliusasisha ule ukurasa mpaka Trizah akamwambia kompyuta nayo ni kiumbe. Ndege iliyobadilishwa ilikuwa ya Ijumaa jioni. Mwaro alipiga simu kutoka uani, maana mila haikumruhusu kuonana naye wakati mnazi umekaa ndani. Akasema kwamba Jumapili asipokuwa Marereni nafasi yake itapewa mtu mwingine.

"Wazee wangu wanasema tukiondoka bila kunywa, posa imekufa. Itabidi tuanze upya mwakani."

"Na mimi sitaki nifunguliwe kibuyu na mtu mwingine," alisema Hannah. "Nimengoja tangu nina miaka sita. Nataka aketi kwenye kiti, nimpe kikombe, watu wamwone. Basi. Sitaki kingine kwake."

Ijumaa hiyo, saa nne na dakika kumi asubuhi, ukurasa ukabadilika rangi. Trizah alisoma, akasoma tena, akapiga kelele iliyosikika karakana. Lewis Gona, raia wa Italia, amekubaliwa kuingia nchini Kenya na kukaa siku zisizozidi tisini, kwa mwenyeji wake Gona Mwaringa, mpangaji halali.

Fundi wa pikipiki alivua kofia.

Lewis alifika Jumamosi mchana, kwa teksi kutoka uwanja wa ndege wa Mombasa. Alikuwa amenenepa, ana sanduku la magurudumu ambalo magurudumu yake hayakufaa kitu kwenye mchanga wa Kibarani. Uwanjani alikuwa amepanga foleni ya wageni. Afisa akamsemesha kwa Kiingereza, yeye akamjibu kwa Kigiriama, afisa akacheka akamgongea muhuri akamtakia likizo njema. Dereva wa teksi alisifu Kiswahili chake njia nzima, na bei hakuipunguza.

Wanawake walipiga vigelegele. Siku hiyo wasichana wote walivaa leso za aina moja, na aliyetangulia kumlaki alikuwa Trizah, ameshika ile ruhusa iliyochapishwa ili mambo yasije yakaharibika tena. Lewis alitupa sanduku, akamkumbatia, akalia begani pake.

"Mwanangu. Nisamehe, mwanangu."

"Si mimi, baba," alisema Trizah, akiwa amekabwa. "Mimi ni wa saiba."

Hannah alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, na leso ile ile. Alikuwa amemwona babake kwenye simu mara nyingi, kidogo kidogo, uso ukigandaganda. Kumbe babake naye alikuwa amemwona vivyo hivyo. Ilimuuma sana. Kisha akaiona aibu iliyoijaa sura ya mzee yule mnene, akamsogelea, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtu asiyeijua nyumba.

"Ni mimi. Njoo, kiti chako kiko huku."

Mnazi ulikuwa wa alfajiri hiyo, mtamu, bado unatoa povu. Mzee Sanga alisimama na kuuliza mbele ya watu wote kama mnazi huu unywewe. Hannah akasema unywewe. Lewis akafungua kibuyu, povu likafurika likamwagikia viatu vyake vya Kiitaliano. Hannah akajaza kikombe akampa babake wa kwanza, na wale wanaume saba, baada ya siku nne za adabu, walishusha pumzi kwa pamoja.

Vikombe vilikuwa kwenye duru ya tatu Bi Zeina alipoingia. Alikuwa dada yake Ayman, mwanamke aliyetunza hati zote za ukoo wa Farjallah kwenye sanduku la chuma, na mkononi alikuwa na nakala ya ile barua. Aliisoma asubuhi, hakupata hata hamu ya chai.

"Shikamoo, Mzee Gona. Hongereni sana kwa shughuli."

"Marahaba, Bi Zeina. Kiti! Mpeni soda, huyu si mtu wa mnazi."

"Sikai. Ndugu yangu ana moyo laini, Mzee. Kuna mstari aliusahau. Mstari mmoja tu."

"Mstari gani?"

"Muda wa kukaa. Ameandika ulianza lini, hakuandika unaisha lini."

Mzee Gona akamtazama mwanawe, akamtazama Trizah, kisha akamgeukia Bi Zeina kwa upole mkubwa. "Mama, unataka kuniuliza tarehe ya kuondoka?"

"Kwa njia nzuri."

"Niko kwenye posa ya mjukuu wangu, kikombe mkononi, na unaniuliza nitaondoka lini?"

Wazee wa Kaloleni waliinua nyuso zote kwa wakati mmoja. Bi Zeina alilelewa pwani hii hii, alijua amekanyaga wapi. Akamgeukia Trizah. "Haiwezi kurekebishwa huko ilikotumwa?"

"Ikishatumwa haifutiki, Bi Zeina. Labda Lewis arudi Milano tuanze fomu upya."

Bi Zeina alikaa kwenye kile kiti, akaipokea soda. Alikunywa polepole, akiitazama ile nyumba ya udongo tangu paa mpaka msingi, nyumba ambayo sasa ipo.

Ikabaki siku ya harusi. Mzee Sanga alitaka ijulikane hapo hapo. Mzee Gona, aliyekuwa na furaha ambayo Gladys hakuiona kwake kwa miaka mingi, alisema hakuna haraka. Lewis amekuja, apumzike, ale mahindi mapya, wavune kwanza. Harusi iwe Februari.

"Iwe Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili," alisema Hannah. "Mwezi huu huu."

Binti hasemi siku hiyo. Watu wote wakamgeukia.

"Ebo! Wiki mbili?" alisema Mzee Gona. "Kwa nini tarehe ishirini na mbili?"

Hannah alimtazama babake, na Lewis akatazama viatu vyake vyenye mnazi. Trizah alitazama kule kwenye migomba. Mzee Gona aliwafuata kwa macho mmoja baada ya mwingine, polepole, na furaha ikamwondoka usoni. Alikuwa ameikataa tarehe ya kuondoka mbele ya serikali. Alikuwa amemkatalia hata Bi Zeina. Nayo ikaja ikaketi nyumbani mwake bila yeye kuiuliza.

"Ishirini na tatu," alisema. "Ndiyo siku?"

"Kazi, baba," alisema Lewis. "Walinipa siku hizo tu."

Mzee Gona alikubali kwa kichwa. Alikunywa kilichobaki kikombeni, akapangusa mdomo, akamwita Trizah karibu, wakaongea kwa sauti ya chini ingawa uani hapakuwa na sauti nyingine.

"Ile karatasi yake ina siku tisini."

"Ndiyo, Mzee."

"Na mtu akitaka kuongezewa zaidi ya hapo, zinaombwa?"

"Zinaombwa. Kwa mtandao vile vile."

"Wanauliza nini?"

"Wanauliza ataondoka lini."

Mzee Gona akamwomba Hannah amjazie kikombe Lewis, maana kilikuwa kitupu.